Fomu Kutoka Wilayani

Fomu imefika Alhamisi, imekunjwa mara nne
mfukoni mwa dereva wa bodaboda, ina jasho lake.
*Historia na Jiografia ya Kijiji. Ijazwe kwa wino mweusi.
Usizidishe nafasi.*
Mimi Sekibaha, mtendaji wa mwaka wa pili,
nina kalamu ya bluu
na meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali.

Mahali. Naandika: kilomita hamsini na tatu
kutoka Tanga mjini, kama mvua haijanyesha.
Ikinyesha hatuko mbali wala karibu.
Hatupo.

Mipaka. Kaskazini, mkonge.
Kusini, mkonge uliokufa, milingoti yake imesimama
kama watu waliosahau walichokifuata.
Mashariki, reli. Treni ya mizigo hupita, haisimami,
ila hupiga honi ikifika usawa wa nyumba ya Fidea,
na hakuna anayeuliza kwa nini.
Magharibi, kijito cha Mhombwe:
Julai ni njia ya mbuzi,
Aprili kimeshachukua daraja mara tatu
na mwalimu mmoja wa hesabu.

Asili ya jina. Wametupa mistari miwili.
Wabondei wanasema Kwemtindi ni kwa sababu ya maziwa.
Wazigua wanacheka: ng'ombe gani, na mbung'o wote hawa?
Wajukuu wa manamba wana lao:
palikuwa na mnyapara, kila jioni kapiga mtindi,
si ule wa kwenye kibuyu cha Mmasai.
Nimeandika, "Jina la kale."
Halijawahi kumuudhi mtu.

Historia. Mjerumani alikuja na mche,
Mwingereza na daftari, Mgiriki na lori.
Ndani ya daftari babu yake Fidea
anaitwa 1147.
Alitoka Songea kuja kumaliza kipande kimoja,
siku thelathini za kukata, apate bati, arudi.
Mvua ikaharibu siku mbili, homa ikala tano,
mnyapara akafuta moja kwa sababu ya jibu.
Kipande hakijaisha hadi leo.
Yuko ng'ambo ya kijito, miguu imeelekea kusini.

Halafu mwaka wa sabini na nne tukahamishwa,
barabarani, tupate shule na bomba.
Shule tuliipata.
Watu wakabeba milango, mabati, kuku, vinu,
wakabeba na jina.
Jina ndilo lilikuwa jepesi.
Kule nyuma pakabaki makaburi
na mfenesi unaozaa bila kuitwa,
na mahali penyewe pakakosa pa kuitwa.

Lakini ramani haikuhama.
Vijana wa sensa walipokuja na vishikwambi vyao,
sauti ya mle ndani iliwavusha kijito,
ikawaingiza kwenye nyasi za kiunoni,
ikatangaza kwa adabu: mmefika.
Ni Fidea aliyekwenda kuwachukua, kanga imelowa umande.
Mmoja akamuuliza, "Mama, watu wako wapi?"
Akamjibu, "Wa hapa mmeshawapata.
Twendeni sasa kwa hao wengine."

Idadi ya watu. Wilaya inataka tarakimu moja.
Mia sita na kumi na mbili, wanaopumua.
Kalamu ikabaki juu ya karatasi kidogo,
kama mtu anayeshika komeo na hafungi.

Vivutio. Niliandika "Hakuna,"
nikakata, nikaandika "mfenesi,"
nikakata. Afisa Utalii atauliza una urefu gani.

Yamebaki Mengineyo, kisanduku
kisichozidi kiganja cha mtoto.
Saa nne kasoro usiku, koroboi inakohoa,
nami nawaza nianze na nani,
na ndipo treni ikapita.
Honi, ile ile, usawa ule ule.
Mkono umeshtuka, na kalamu
imevuta mstari wa bluu
kutoka Mipaka hadi Mengineyo,
ukapita juu ya kila nilichojaza.

Kesho bodaboda inarudi saa moja.
Nimeikunja mara nne, hivyo hivyo.
Mstari ule sijaufuta.